Moyo wa Mume Wetu

Nyumbani, 28 Januari

Mke mwenzangu mdogo,

Marahaba ya mapema, maana najua shikamoo yako iko njiani na njia ya kutoka shuleni kwenu ni ndefu. Sisi huku tupo, tunavuta pumzi na kuitoa. Paka amezaa ndani ya kikapu cha vitambaa. Watoto wanne, wote rangi ya moshi, na mmoja ameamua kulala juu ya kanyagio la cherehani yangu, kwa hiyo kila nikitaka kushona ninaomba ruhusa kwanza. Msimu wa sare umeanza na nimeshona kola mpaka naziota. Mama yako alipiga simu kutoka huko kazini kwake, anakusalimu na anauliza kama bado unang'ata kucha. Nilimwambia huzing'ati. Usiniumbue. Jirani wa upande wa pili wa ukuta bado anajifunza tarumbeta. Hajafika popote.

Haya, sasa neno lenyewe, na usishtuke. Wiki iliyopita mimi na Babu yako tulikwenda zahanati. Presha ikapimwa, ikaonekana iko juu. Ya Babu yako. Daktari anasema moyo unafanya kazi kama punda wa mtu mchoyo. Ametoa vidonge, tena kasema chumvi ipungue, mafuta yapungue, na mwendo uongezeke. Nilipomwambia kwamba mwezi wa sita tuna Siku ya Wazazi katika shule iliyojengwa juu ya mlima, alitikisa kichwa. Kasema mgonjwa hapandi mlima wowote mpaka presha ishuke.

Najua unavyoingoja siku hiyo. Kwa hiyo nakuomba, wewe unayesoma biolojia, waulize walimu wako ni vyakula gani vinausaidia moyo. Ningekuuliza kwa simu lakini shule yenu inaziogopa simu kama ndui. Ninauliza kwa niaba ya mume wetu. Unamjua, fundi saa anaweza kuifungua saa yoyote duniani, lakini mdomo wake kusema "naumwa" haufunguki.

Mke mwenzako mkubwa,
Bibi


Shuleni, 9 Februari

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Babu naye mpe shikamoo mbili, moja ya siku zote na moja ya mgonjwa. Mimi ni mzima, na kucha zangu zinaendelea kukua, isipokuwa mbili. Jirani yangu wa kitanda cha juu bado anaota hesabu kwa sauti. Ningevumilia kama angekuwa anapata majibu sahihi.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikasahau kusogea, wenzangu wakanipita. Nilipomaliza kuisoma nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa biolojia, kisha kwa nesi wa shule, na wote wawili walinijibu kwa upole. Naandika hapa waliyonifundisha.

Moyo ni msuli, Bibi. Haulali hata sisi tukilala. Chumvi ikizidi mwilini huvuta maji, maji hujaza mishipa, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, kama mtu anayemwagilia bustani huku mwenzake amekanyaga mpira. Kwa hiyo kwanza mwondoleeni Babu chumvi, siyo ya jikoni tu, hata ile ya mezani anayonyunyiza kabla ya kuonja. Badala yake tia ndimu na bizari. Ale mboga za majani, maharage, matunda, na samaki badala ya nyama ya mafuta. Mkate uwe wa unga usiokobolewa. Akitaka kutafuna kitu, atafune karanga kiganja kimoja, zisizo na chumvi. Na atembee kila jioni, asikimbie.

Halafu kuna saumu. Mwalimu anasema saumu ya kila asubuhi huwasaidia watu wa presha, ingawa haifanyi miujiza. Wengine huiona ngumu mwanzoni, lakini mwili huzoea. Ikimsumbua tumbo, apunguze.

Nesi amenisisitizia jambo moja na nimemwahidi kulipigia mstari: chakula ni msaidizi wa dawa, si mrithi wake. Vidonge visiachwe.

Bibi, nimeshaomba viti viwili mstari wa mbele. Najua tabia ya kuomba kabla ya wakati si nzuri, lakini viti vya mbele huisha upesi.

Mke mdogo,
anayemngoja mume wetu


Nyumbani, 3 Machi

Daktari wangu,

Marahaba, na nyingine nakuwekea akiba. Watoto wa paka wamefungua macho na wamefungua pia maboksi yangu mawili ya nyuzi. Nyumba nzima imeshonwa. Mama yako amepandishwa cheo, sasa analalamika kutoka kwenye ofisi yenye dirisha.

Maagizo yako tumeyafuata. Chumvi imetoka mezani. Babu yako alipoonja maharage ya kwanza aliniuliza kama kuna mtu amefariki. Siku hizi ameyazoea. Mboga anakula, samaki anakula, karanga anahesabiwa. Vidonge navimeza (kalamu imeruka, anavimeza) kila asubuhi.

Lakini hiyo saumu, mjukuu wangu. Hiyo saumu ina kazi. Babu yako anasema tangu azaliwe hajawahi kusikia dawa ya kutokula. Hata hivyo, kwa kuwa imetoka kwa mwalimu, ameifunga. Kila siku hali kitu mpaka jua lifike utosini. Ifikapo saa nne tumbo lake linanguruma hivi kwamba mteja mmoja aliyeleta saa ya ukutani alidhani saa yake imeanza kupiga, akaichukua, akaondoka nayo kwa furaha.

Mimi nimefunga pamoja naye, maana haiwi vizuri mke kutafuna mkate mbele ya mume mwenye njaa. Siku ya tatu nilishona mkono wa shati pale panapokaa kola. Mwenye shati, mwanafunzi wa darasa la pili, alikuja kulijaribu, akapitisha kichwa kwenye mkono, kikakwama humo. Tulimtoa kwa mafuta ya kupikia. Kwa hiyo mafuta nayo yamepungua, kama daktari alivyotaka.

Nilipomaliza hilo nikakaa chini kidogo, kwa sababu ya joto. Mvua ilikuwa inanyesha, lakini lilikuwa joto la ndani. Babu yako aliniletea maji. Ni mgonjwa mwenye huruma sana.

Uliza tena huko: saumu hii inakwisha lini?

Mke mwenzako mkubwa na mwenye njaa


Shuleni, 12 Machi

Bibi, shikamoo, na samahani naruka habari za paka.

Ni KITUNGUU saumu.

Ni kile chenye vipande vyeupe kama meno, kile mnachotia kwenye mchuzi. Mwalimu anakiita saumu tu, nami nikaandika kama nilivyosikia. Kuleni, Bibi. Ukiisoma hii asubuhi, simama sasa hivi ukale, kisha urudi uendelee kusoma.

Natumaini umekula. Nilipoisoma barua yako nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu nikagundua kwamba machozi mengine hayakuwa ya kucheka. Jirani yangu wa kitanda cha juu yeye alicheka mpaka kitanda kikatoa msumari. Nesi hakucheka. Amesema mtu anayemeza vidonge vya presha hafungi kula hivi hivi bila kumwuliza daktari wake, na amesema mimi nijifunze kuandika neno zima. Nimeliandika neno zima mara nyingi kwenye karatasi, kama adhabu niliyojipa mwenyewe.

Babu apewe kipunje kimoja kilichopondwa, ndani ya chakula. Kimoja.

Sasa nina swali dogo. Ulisema ulikaa chini kwa sababu ya joto la ndani. Joto hilo lilikuwa ndani ya nini?

Nina habari pia. Nimechaguliwa kuonyesha moyo Siku ya Wazazi. Nitautengeneza kwa chupa za plastiki, mirija na maji yaliyotiwa rangi nyekundu, na utapiga kweli, nikiubinya. Mwalimu mkuu atasimama karibu yangu kabisa. Je, unaweza kunitumia kipande cha kitambaa chekundu cha kuufunika? Ningependa moyo huo uwe na kitu kutoka kwenye mikono yako.

Mke mdogo aliyekosea


Nyumbani, 2 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba. Tumekula. Babu yako alipoisikia habari ya kitunguu alisema, "Kumbe nilikuwa nafunga kitunguu." Akanyanyuka, akala mkate mzima, akauliza kama upo mwingine.

Barua yako ilichukua muda kufika, kwa hiyo tulikuwa na deni kubwa la vitunguu saumu. Babu yako ni mtu wa kulipa. Ulisema kipunje kimoja, yeye akasikia kichwa kimoja. Sasa wateja wanaziacha saa mlangoni na kueleza matatizo yake kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sauti kubwa. "Inachelewa dakika!" wanapiga kelele, naye anajibu, na wao wanarudi nyuma hatua moja zaidi. Paka amehamisha wanawe. Mpiga tarumbeta naye amepeleka mazoezi kwenye chumba cha mbali. Kwa hilo peke yake, mwambie mwalimu wako saumu inafanya miujiza.

Nimemrudisha kwenye kipunje kimoja.

Kila jioni tunatembea mpaka posta na kurudi. Zile ngazi za posta zina ukaidi. Tukifika katikati lazima tusimame ili Babu yako apumue. Ninamwambia, "Simama, mzee, usije ukanifia hapa watu wakaniuliza." Anasimama, anaegemea ukuta, anapiga mluzi ule wimbo wake mmoja, mpaka pumzi itulie, ndipo tunaendelea. Yeye hana haraka, namsifu kwa hilo.

Kuna kioja kingine. Babu yako alikuwa anatafuta kifungo cha koti lake, akafungua bati langu la vifungo, akakuta ndani kuna kifuko cha chumvi. Nikamwambia ni panya. Akauliza, "Panya gani huyu anayefunga kifuniko?" Nikamjibu dunia imebadilika, hata panya wamesoma. Akachukua kifungo chake, akalifunga bati.

Joto lilikuwa ndani ya nyumba.

Kitambaa chekundu sikukitaka kiwe kipande. Nimekushonea moyo mzima wa mahameli, nimeujaza pamba, nimezungushia uzi wa dhahabu uliobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja. Umetoka mkubwa kidogo. Karani wa posta aliuliza kama natuma mto.

Mke mkubwa


Shuleni, 14 Aprili

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Moyo umefika. Ulipotoka kwenye karatasi kila mtu bwenini akataka kuukumbatia, na jirani yangu wa kitanda cha juu aliulalia usiku mmoja akasema hakuota hesabu hata kidogo. Asante sana. Nimeugusa kila mshono.

Nasema hili kwa unyenyekevu: moyo wa kweli hauna umbo hilo, Bibi. Unafanana na ngumi, umelala upande, na mabomba yanatoka juu. Mwalimu ameutazama wako akasema ni mzuri mno kuwa sahihi. Mirija yangu haipiti kwenye pamba. Nitaufunika ule wa chupa kwa kitambaa kingine, huu nitautunza.

Sasa nataka kukueleza jaribio nililofanya, maana tumefundishwa kwamba ukiwa na shaka, jaribu. Nilimwomba jirani yangu akimbie kuuzunguka uwanja, halafu apige mluzi. Hakuweza. Alitoa mate tu. Tukamwomba na mwalimu wa michezo, ambaye ana kifua kipana kuliko mlango, akakimbia, na yeye akatoa mate. Nikaandika matokeo: mtu anayehema hawezi kupiga mluzi.

Bibi, Babu hupiga mluzi kwenye zile ngazi.

Nimeisoma tena barua yako ya Machi. Nakuuliza kwa adabu zote ulizonifundisha mwenyewe, hata ile ya kutomwuliza mkubwa swali akiwa amekwisha kulikwepa mara moja. Pale katikati ya ngazi, nani anahema? Sitakasirika. Nataka tu kujua ninamngoja nani juu ya mlima.

Viti viwili bado vipo.

Mjukuu wako


Nyumbani, 19 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Hatujambo. Paka hajambo. Mama yako hajambo. Mpiga tarumbeta amejifunza sauti ya pili.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya sare. Wanafunzi wa mwaka huu wana mabega mapana, sijui wanalishwa nini. Kitambaa cha buluu kimepungua madukani, cha kijivu kipo.

Uliniuliza jambo fulani, nami nilitaka kulijibu, ila wino wa kalamu umeniishia.

Kuhusu Siku ya Wazazi, sidhani kama tutaweza. Babu yako ule mlima utamshinda. Mwaka ujao Mungu akipenda. Wape watu wengine viti, usiviweke wazi ikaonekana huna watu.

Bibi

(Nyuma ya bahasha, kwa mwandiko mdogo kama wa kuandikwa ndani ya saa:)

Mjukuu, mimi ni Babu yako. Bibi amenituma posta, nimepata dakika mbili. Wino upo, chupa nzima.

Siku ile ya zahanati nilikaa kwenye benchi nje. Hakuna aliyenigusa hata kidole. Bibi yako aliingia, akatoka, akaniambia mimi ni mgonjwa wa moyo. Nimeoa zamani, sikubishana. Lakini nikaona kila akiniambia nipumzike, yeye ndiye anayekaa. Ndipo nikaelewa. Anaogopa. Kwa ajili yake mwenyewe hatakula hata jani moja, lakini kwa ajili yangu atakula bustani nzima na kunionyesha mfano. Kwa hiyo nimekubali kuumwa. Kwenye ngazi napiga mluzi ili asisikie kwamba nasikia pumzi zake.

Usimfichue. Mgonjwa nikipona, muuguzi atarudi kwenye chumvi. Ila nakosa la kufanya kuhusu mlima. Wewe ndiye uliyesoma.


Shuleni, 28 Mei

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo, na kalamu pia imepona.

Nimelifikiria lile swali langu, nimeona halikuwa na maana. Lisahau. Mwalimu wa michezo huenda hajui kupiga mluzi, na watu wawili si ushahidi wa kutosha. Tuzungumze juu ya Babu.

Nimemweleza nesi habari za mgonjwa wetu. Nimesema ni mtu wa umri wenu, anameza vidonge, anakula mboga, anatembea kila jioni mpaka posta. Nesi amesema mgonjwa aende kwanza kwa daktari wake apimwe upya, na daktari akikubali, basi mlima unaweza kupandwa kwa mwendo wa kinyonga. Magari ya shule pia yatakuwepo kwa wanaochoka, hakuna aibu.

Ila unamjua Babu. Ana haya. Hatapenda kusimama peke yake watu wakimwona. Kwa hiyo nakuomba, Bibi, yeye akisimama, wewe ukae. Kaa kabisa, kwa raha, mpaka yeye awe tayari. Ukikaa wewe, hakuna atakayejua kwamba anayehitaji kupumzika ni Babu. Nakurudishia ule moyo wa mahameli ili uwe na kitu laini cha kukalia, maana mawe ya njiani ni baridi.

Na vile vidonge vyake, hakikisha kwa macho yako mwenyewe kwamba vinamezwa, hasa unapokuwa peke yako chumbani.

Sijampa mtu viti vyetu. Nimeviwekea daftari langu na koti langu. Mwenzangu mmoja ameniuliza ni vya nani, nikamwambia ni vya mume wangu na mke mwenzangu. Ameniomba nimweleze tena taratibu.

Nakupenda. Na Babu pia, ndiye ninayemzungumzia hapa.

Mke mdogo


Nyumbani, 26 Juni

Mke mwenzangu mdogo,

Marahaba, ingawa shikamoo yako niliipokea kwa masikio yangu pale mlimani, na nguo yako ya maonyesho ikinichafulia gauni kwa maji mekundu. Gauni nimeliloweka. Tumefika salama. Paka hakutupokea, alikuwa amelala ndani ya kofia ya Babu yako. Mpiga tarumbeta alitupigia wimbo mzima, na kwa mara ya kwanza niliutambua.

Moyo wako ulipiga vizuri, na wote tuliuona. Ule mrija uliochomoka na kumrushia mwalimu mkuu maji mekundu kuanzia kwenye miwani mpaka kwenye viatu, usiuone haya. Ulivyomwambia, "Samahani mwalimu, hii ndiyo presha ya juu," hakuna mzazi atakayesahau somo lile mpaka kufa kwake. Mama mmoja nyuma yangu alisema jioni hiyohiyo anaacha chumvi. Nami niliona mwalimu mkuu akicheka alipodhani amegeuka upande usio na watu.

Hukuyaona yaliyotukuta njiani, kwa hiyo ngoja nikusimulie. Daktari alikuwa ametukubalia, kwa masharti. Tulipanda kama kinyonga aliyefiwa. Nilikaa juu ya moyo wako kila kona. Watu walitupita wakituamkia, na wengine wakauliza huo mto mwekundu umeununua wapi. Nina oda saba. Kwenye ile kona kubwa, yenye jiwe lililopasuka, Babu yako alisimama, akaegemea mti, akaanza mluzi wake.

"Mgonjwa," nikamwambia, "umechoka?"

"Sana," akasema. "Nangoja pumzi yangu irudi."

"Ichukue taratibu. Nakungoja."

"Asante, mke wangu. Ikirudi utaniambia?"

Nikakaa. Aliumaliza wimbo, akauanza upya, akaumaliza tena. Ndipo nikamwambia, "Nadhani sasa imerudi." Akanipa mkono, nikanyanyuka, akaubeba ule moyo kwapani mwake, tukaendelea. Tulipotokeza juu nikakuona umesimama kwenye viti viwili, mguu mmoja kila kiti, ili mtu yeyote asivikalie. Hukuwa umeng'ata kucha. Nilitazama.

Jana tulirudi zahanati. Presha ya Babu yako imepimwa, imeshuka. Haijawa ya msichana, lakini imeshuka, na vidonge vinaendelea. Daktari alipomaliza kuufungua ule mpira kwenye mkono alisema, "Hongera sana, mama." Babu yako, kwenye benchi nje, akasikia, akaitika, "Ahsante, daktari." Wote wawili nimewaacha hivyohivyo. Mimi si mtu wa kusahihisha watu hadharani.

Daktari akauliza ni nani aliyetuongoza vizuri namna hii katika habari za chakula. Nikamwambia tunaye daktari wetu, anaitwa mke mdogo, ila barua zake zisomwe mara mbili kabla ya kufuatwa.

Ule moyo umebaki kwenye kiti cha cherehani. Ninaukalia ninapokuandikia. Hauna umbo la kweli, najua, lakini bado haujaniangusha.

Jambo la mwisho, halafu nikashone. Yule panya ameondoka. Sijui amekwenda wapi, sikumwuliza. Bati langu la vifungo sasa lina vifungo tu.

Mke mwenzako mkubwa,
Bibi